Mgeni wako achukue eTA ya Kenya, viza ya Tanzania au viza ya pamoja ya Afrika Mashariki?

Kila mwaka inapokaribia Juni, na tena kuelekea Krismasi, napigiwa simu na watu tofauti wenye swali moja. Ndugu aliyeko Leicester, rafiki aliyeolewa Hamburg, mzee wa Muscat anayetaka kuwaleta wajukuu waione Pwani, wote wanauliza ni kibali gani wageni wao wachukue ili waingie Afrika Mashariki bila kusumbuliwa njiani. Wengi wao wameshasikia kwamba ipo viza moja ya Afrika Mashariki, na wanaamini kwamba viza hiyo inamfikisha mtu Maasai Mara, Serengeti na Zanzibar kwa malipo ya mara moja. Haimfikishi. Tanzania haimo katika viza hiyo, na mgeni anayeilipia akitumaini kwenda nayo Zanzibar atatoa fedha mara ya pili.

Kazi yangu ni kuwapangia safari wageni wanaokuja Moshi na maeneo ya jirani, na katika ulinganisho huu nitaitumia safari moja niliyoipanga mwenyewe, ile ya dada yangu na familia yake. Dada alikwishachukua uraia wa Uingereza, na watoto wake wawili, wa miaka 11 na 6, wana pasipoti za Uingereza pia. Shemeji ni Mjerumani na anasafiria pasipoti ya Ujerumani. Walikuwa na wiki tatu, nami nikaongezewa orodha ya matamanio: watoto waione Mara, wote wakae na bibi hapa Moshi, wamalizie Zanzibar, na shemeji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilizungumzia jambo hilo hilo, awaone sokwe wa milimani. Pasipoti za nchi mbili ndani ya nyumba moja zilileta majibu mawili tofauti, na ndiyo maana naona safari yao inafundisha kuliko jedwali la ada.

Viwango vyote nitakavyovitaja ni vya dola za Marekani, na ni vile vinavyotozwa wakati ninapoandika. Msomaji avithibitishe kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika kabla hajalipa, kwa sababu ada hizi hubadilika.

Nani asiyehitaji kusoma zaidi

Raia wa Tanzania, Uganda au Rwanda anayekwenda Kenya haombi eTA, yaani kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, na anaweza kukaa hadi miezi sita. Mwaka 2025 Kenya iliwaondolea sharti hilo pia raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, na hao hupewa hadi miezi miwili. Rwanda nayo imewafungulia Waafrika milango bila ada ya viza. Ulinganisho huu basi unamhusu mwenye pasipoti ya Ulaya, Amerika, Ghuba au Asia, pamoja na ndugu zetu wengi waliokwishachukua uraia wa huko.

Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili, ambao Katiba ya 2010 inauruhusu, asiombe eTA kwa pasipoti yake ya kigeni. Abebe pasipoti ya Kenya, na aionyeshe mapema, kwenye kaunta ya ndege huko anakotoka, kwa sababu hapo ndipo huanza kuulizwa kibali. Watoto wake waliozaliwa ughaibuni ni raia kwa kuzaliwa, lakini kama hawajapatiwa pasipoti ya Kenya, mtumishi wa kaunta atawahesabu kuwa wageni, nao watahitaji eTA. Mtanzania hana nafasi hiyo. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima aliyeomba uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, hivyo dada yangu, aliyezaliwa Kibosho na kusoma hapa hadi kidato cha sita, anajaza fomu ileile na kulipa ada ileile anayolipa mumewe ambaye hakuwahi kufika. Jambo hilo linamuuma kila safari, na mimi linaniuma pamoja naye, lakini katika kupanga safari lazima lihesabiwe kama lilivyo.

eTA ya Kenya: dola 30, na hakuna dirisha la kuombea uwanjani

Desemba 12, 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Maneno hayo yalieleweka vibaya na watu wengi, waliodhani kwamba mtu anapanda ndege na kuingia tu. Kilichotokea ni kwamba viza iliondolewa na mahali pake pakawekwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo wote tumezoea kuiita eTA. Mgeni bado anajaza fomu kwenye etakenya.go.ke, bado anapakia ukurasa wa pasipoti na picha yake, bado anaonyesha mahali atakapolala na tarehe za kuingia na kutoka, na bado analipa dola 30 pamoja na ada ndogo ya huduma inayoongezwa wakati wa kulipa. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kufika na ukurasa mmoja mtupu. Jibu hutarajiwa ndani ya siku tatu za kazi, na mimi humshauri mgeni aombe wiki mbili kabla.

Asiombe mapema mno pia. Idhini hiyo hutumika kuingilia ndani ya siku 90 tangu ilipotolewa, na anayeiomba Januari kwa safari ya Julai atakuwa amenunua karatasi itakayokufa kabla hajafunga sanduku. Akishaingia, anaweza kuruhusiwa kukaa hadi siku 90, na uamuzi wa mwisho uko mikononi mwa afisa wa uhamiaji aliye mbele yake.

Tofauti kubwa kati ya eTA na viza ya Tanzania, na ambayo naiona ni nzito kuliko tofauti ya ada, ni kwamba eTA haipatikani baada ya kufika. Asiye nayo hazuiwi Nairobi, bali huzuiwa kwenye kaunta ya ndege huko anakotoka, kabla hata sanduku lake halijapimwa. Mwaka 2024 nilikuwa na mgeni, mama kijana aliyekuwa akija na mtoto wa miezi 14. Aliwahi kufika Kenya zamani, wakati watoto wa chini ya miaka 16 hawakuwa wakidaiwa viza, na akaomba eTA yake peke yake. Siku hizi kila msafiri anaombewa yake, hata mtoto mchanga. Alisimama pale kaunta na mtoto mgongoni, akanipigia saa nane usiku kwa saa zetu, na pamoja na kwamba tuliijaza fomu ya mtoto palepale kwa simu, ndege iliondoka bila wao. Tangu usiku huo, swali langu la kwanza kwa mgeni ni hili: mko wangapi, na mdogo ana umri gani?

Kuna pia anayepita tu. Mgeni anayeshuka uwanja wa Jomo Kenyatta na kuunganisha ndege kwenda Kilimanjaro au Zanzibar bila kutoka nje ya uwanja hahitaji eTA. Anayeshuka hapo ili apande basi dogo la kwenda Arusha kupitia Namanga anaihitaji, hata kama atakuwa Kenya kwa saa sita tu, kwa kuwa ameingia nchini. Vilevile anayenunua tiketi mbili zisizounganishwa huenda akalazimika kuchukua mzigo wake na kuukabidhi upya, na ili aufikie mzigo ni lazima apite kwa uhamiaji. Nimeona watu wakiokoa fedha kwenye tiketi ya namna hiyo kisha wakazirudisha zote kwa usumbufu.

Viza ya Tanzania: ghali kidogo, lakini ina mlango wa dharura

Viza ya kawaida ya utalii ya Tanzania ni dola 50 kwa kuingia mara moja, na humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90. Raia wa Marekani wana utaratibu wao: hulipa dola 100 na kupewa viza ya kuingia mara nyingi kwa muda wa miezi 12, kila ujio usizidi siku 90. Kwa Mmarekani anayekuja mara moja, hiyo ni ada nzito. Kwa yule mwenye mzazi mgonjwa huku, anayekuja Machi na kurudi tena Septemba, inamgharimu sawa na ambavyo Mwingereza angelipa kwa safari mbili.

Maombi hufanywa kwenye visa.immigration.go.tz, mfumo ulioanza Novemba 2018, na ni vyema kuyapa siku kumi za kazi. Mlango wa dharura ni huu: raia wa nchi nyingi bado wanaweza kupata viza wanapowasili, kwenye viwanja vya Julius Nyerere, Kilimanjaro na Abeid Amani Karume, na kwenye mipaka mikubwa kama Namanga. Wapo raia wa baadhi ya nchi ambao maombi yao lazima yaidhinishwe kwanza na makao makuu ya Uhamiaji, na hao wasithubutu kusafiri bila idhini mkononi. Kwa wengine dirisha lipo, ila mimi silipendi kwa familia yenye watoto. Ndege mbili zikishuka kwa pamoja usiku pale Kilimanjaro, foleni ya kulipia inafuatwa na foleni ya kugongewa muhuri, na mtoto wa miaka sita aliyekuwa safarini kwa saa kumi na tano hana subira hiyo.

Viza hiyo ya dola 50 ni ya Muungano mzima, kwa hiyo anayekwenda Zanzibar haombi viza nyingine, ingawa pasipoti yake itaangaliwa tena akifika huko. Kinachowashangaza wageni ni bima. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 3 hadi 17, na bure kwa walio chini ya hapo. Hudumu siku 92. Bima aliyokuja nayo kutoka Ulaya haiondoi wajibu huo, hata ikiwa nene kiasi gani. Shemeji alikataa kuliamini jambo hili hadi nilipomtumia kiungo cha serikali, kwa kuwa alikuwa ameshalipia bima ya familia kwao, na kwa kweli namwelewa. Nilimwomba ailipie mtandaoni akiwa nyumbani, ili cheti kiwe kimechapwa na kukaa pamoja na pasipoti.

Neno moja kwa wanaokuja kujitolea shuleni au zahanati kwa wiki chache: viza ya utalii si yao. Kufundisha, hata bila malipo, huhesabiwa kuwa shughuli, na ada ya viza inayoruhusu shughuli za muda mfupi ni dola 250. Ni mara tano ya ile ya utalii, na huwatia watu kishawishi cha kuandika "matembezi" kwenye fomu. Mwenyeji anayewashauri hivyo anawaweka wageni wake na shule yake pabaya.

Viza ya pamoja: nzuri sana kwa njia moja, na mzigo kwa nyingine

Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ilizinduliwa mwaka 2014 na nchi tatu: Kenya, Uganda na Rwanda. Nchi hizo bado ni tatu. Ada yake ni dola 100, hudumu siku 90, na ndani ya siku hizo mgeni anaingia na kutoka katika nchi hizo kadiri apendavyo. Ina masharti matatu ambayo watu huyasoma haraka wakayasahau. Huombwa kwa nchi ambayo mgeni ataingilia kwanza, na ni lazima aanzie huko kweli. Haiongezwi muda. Na akitoka nje ya nchi hizo tatu, hata kwa wikiendi moja, viza imekwisha.

Sharti hilo la tatu ndilo lililovunja mpango wa kwanza wa familia yetu. Dada alikuwa ameupanga kwa moyo wa mama: waanzie Nairobi na Mara, waje Moshi, wawaache watoto kwa bibi, yeye na mumewe waende Bwindi, Uganda, kuwaona sokwe, warudi Moshi kuwachukua watoto, kisha Zanzibar. Watoto wasingeweza kwenda Bwindi kwa vyovyote, kwa kuwa Uganda na Rwanda zote haziruhusu aliye chini ya miaka 15 kuwafuata sokwe. Mpango ulisikika vizuri mezani. Kwenye karatasi, wangelipa dola 100 kila mmoja kwa viza ya pamoja, ambayo ingekufa mara tu walipovuka Namanga kuja Moshi. Wangeomba viza ya Uganda upya, dola 50 kwa kila mmoja. Na kwa kuwa viza zao za Tanzania zilikuwa za kuingia mara moja, safari ya kurudi Moshi ingewadai dola 50 nyingine kwa kila mmoja. Watu wawili, dola 200 zaidi, kwa sababu ya mpangilio wa siku tu.

Tukaupindua mpango. Shemeji atangulie peke yake wiki ya kwanza: ashukie Kigali, avuke kwa gari kwenda upande wa kusini wa Bwindi, ambao uko karibu na Kigali kuliko Entebbe, arudi Kigali, kisha aruke kwenda Nairobi kuwapokea mkewe na watoto. Kutoka hapo wote waende Mara, wavuke Namanga, wakae Moshi, wamalizie Zanzibar na waondokee huko huko. Tanzania ikawekwa mwisho, na hakuna aliyehitaji kurudi nyuma.

Kwa njia hiyo, viza ya pamoja ilimfaa shemeji mno. Angelipa nchi mojamoja, Rwanda ingemtoza dola 50 kwa kuingia mara moja, na yeye alikuwa akiingia mara mbili. Hata kama angechukua ile ya Rwanda ya kuingia mara nyingi, dola 70, akaongeza Uganda dola 50 na eTA ya Kenya dola 30, jumla ingekuwa 150. Viza ya pamoja ilikuwa 100, fomu moja, malipo mamoja. Alitaka kwanza kuiombea kwenye tovuti ya Kenya kwa kuwa ndiyo nchi ambayo angekaa siku nyingi, nikamzuia, kwa sababu mguu wake wa kwanza ulikuwa unakanyaga Kigali.

Sasa mchukue dada katika njia ileile, kama naye angetaka kwenda. Uingereza ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na Rwanda huwasamehe ada raia wa nchi za Jumuiya hiyo kwa siku 30, kama inavyowasamehe raia wa nchi za jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa. Kwake Rwanda ingekuwa bure, Uganda 50, Kenya 30: jumla dola 80. Viza ya pamoja ingemgharimu dola 20 zaidi. Mkanada na Mhindi wako upande wa dada, pamoja na Mfaransa na Mbelgiji. Mmarekani, Mjerumani na Mtaliano wako upande wa shemeji. Ndiyo maana nikiulizwa kama viza ya pamoja ni nafuu, mimi huuliza kwanza rangi ya pasipoti na idadi ya mara atakazovuka mpaka. Na kwa mgeni wa Kenya na Zanzibar tu, ambao ndio wengi wa wanaonipigia, jibu halina masharti: aiache kabisa.

Nisiifanye tofauti ya dola 20 au 50 ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kibali cha kuwaona sokwe ni dola 1,500 upande wa Rwanda na dola 800 upande wa Uganda, na uamuzi wa shemeji wa kwenda Bwindi badala ya mbuga ya Volcanoes ulimwokolea dola 700 kwa siku moja. Viza ifuate uamuzi wa namna hiyo. Kuna watu huanza na viza kisha wakapindisha safari nzima ili iendane nayo, na hilo silishauri.

Mambo yasiyo viza yanayoweza kumrudisha mtu

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo kubwa. Tanzania humdai kila anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja, na Kenya na Uganda zote zinahusika. Anayeruka kutoka London hadi Zanzibar kwa kupitia Nairobi saa mbili haulizwi. Akilala uwanjani na kupitisha saa 12, anaingia katika sharti hilo. Kwa hiyo familia yote ya dada, iliyokuwa inavuka Namanga kwa gari, ilihitaji kadi, na Uganda ingemdai shemeji ya kwake wakati wa kuomba viza. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali siku ya kumi baada ya kudungwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hakina mwisho, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Mwenye kadi ya zamani asidanganywe kuchanja tena.

Jingine ni barabara. Kwenye ramani, Mara na Serengeti zimegusana, na wageni wengi hudhani wataendesha moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia hiyo imefungwa kwa watalii tangu mwaka 1977, mpaka ulipofungwa baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika. Anayetaka kuunganisha hifadhi hizo mbili huzunguka kupitia Isebania na Sirari, au huruka kwa ndege ndogo na kubadilisha kwa gari mpakani.

Na mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliikataza tangu 2008, Kenya 2017 na Tanzania Juni 2019. Waelezeni wageni waiache kwao.

Fomu yenyewe

Fomu za nchi zote hizi hujazwa kwa muda wa nusu saa, na makosa yake ni madogo yenye gharama kubwa. Namba ya pasipoti ya shemeji ilikuwa na duara mbili katikati ya herufi na tarakimu, naye akazijaza kuwa herufi O. Nilimwambia aangalie vizuri: pasipoti za Ujerumani hazitumii kabisa herufi O katika namba zake, duara hapo daima ni sifuri. Alirudi kwenye rasimu akazirekebisha zote mbili kabla ya kulipa. Laiti angelipa, kibali kingetoka kwa namba ya pasipoti isiyokuwepo duniani, na ada hairudishwi.

Majina nayo yana taabu yake kwetu. Dada ana majina matatu kwenye pasipoti, la ukoo likiwa la mumewe, lakini tiketi yake ilikatwa kwa mawili. Fomu ya kibali ifuate pasipoti, neno kwa neno, kwa mpangilio ulio kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile yenye mishale, kwa kuwa hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Tiketi ndiyo irekebishwe.

Halafu anwani. Mtu akiandika jina la kibali kwenye kitafutio cha intaneti, majibu ya kwanza mara nyingi ni ya tovuti za wafanyabiashara zilizopambwa bendera na nembo, zinazochukua fomu ileile na kuongeza ada yao, wakati mwingine mara mbili ya ile ya serikali. Anwani ya serikali huishia na go.ke kwa Kenya, go.tz kwa Tanzania na go.ug kwa Uganda. Mimi humtumia mgeni kiungo chenyewe, simwachi akitafute.

Walicholipa

Shemeji alilipa dola 100 za viza ya pamoja. Dada na watoto walilipa eTA tatu, dola 90. Wote wanne walilipa viza za Tanzania, dola 200, wakaziomba mtandaoni wiki tatu kabla. Bima ya Zanzibar ilikuwa 44 mara mbili na 22 mara mbili, yaani 132. Jumla dola 522, bila kuhesabu ada ndogo za huduma. Mpango wa kwanza wa dada ungekaribia 800.

Walifika Namanga siku ya kumi na mbili, mchana, vumbi likiwa limewaingia hadi masikioni. Siku hizi kituo ni cha pamoja: anayekuja Tanzania hasimami upande wa Kenya, huingia jengo la upande wetu, na maafisa wa nchi zote mbili wamekaa humo, mmoja anakugongea kutoka na mwenzake hatua chache mbele anakugongea kuingia. Dada alikuwa na bahasha nne, kila moja ikiwa na pasipoti, viza iliyochapwa na kadi ya njano, na alizitoa moja baada ya nyingine bila kupekua mkoba. Afisa wa Kenya alipofika kwenye pasipoti ya shemeji aliiangalia viza ya pamoja, akamwuliza kama anajua kwamba akishatoka hapa hawezi kurudi nayo Nairobi. Shemeji akajibu kwa Kiswahili chake alichojifunzia jikoni kwa mkewe, kwamba anajua, anakwenda kwa mama mkwe. Muhuri ukagongwa, na viza ile ikaishia hapo, ikiwa imebakiwa na zaidi ya siku sabini.